Mawimbi ya Redio Kutoka Makundi ya Galaksi na Mchango wa Pwani ya Afrika Mashariki

Kilambo, mkoani Mtwara, hufahamika zaidi kama njia ya kuvukia Mto Ruvuma kwenda Namoto nchini Msumbiji. Msafiri anayesubiri chombo ukingoni hapo akiwasha redio ndogo anaweza kukutana na hali iliyozoeleka mipakani: vituo vya pande mbili vikisukumana, Kiswahili kikikatizwa na Kireno, na kati ya kituo kimoja na kingine mkwaruzo mtupu usio na msemaji. Sehemu ya mkwaruzo huo hutokana na redio yenyewe na vifaa vya umeme vilivyo jirani. Sehemu nyingine hutoka angani. Katika hiyo ya angani, iliyo kubwa ni ya Njia Nyeupe, yaani galaksi ambamo Jua na Dunia vimo. Na ndani yake kabisa, kwa kiasi kidogo mno kisichoweza kutambuliwa na redio ya mkononi, yamo mawimbi yaliyoanza safari mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita katika makundi ya galaksi.

Kwamba anga hutoa mawimbi ya redio si habari mpya. Mwaka 1933, mhandisi Karl Jansky wa maabara za kampuni ya simu ya Bell nchini Marekani alitangaza kuwa mlio aliokuwa akiuchunguza, kwa lengo la kupunguza kelele katika simu za kuvuka bahari, ulitoka katika Njia Nyeupe. Jina lake ndilo lililopewa kipimo cha nguvu ya mawimbi ya redio kutoka angani. Kilichochukua muda mrefu zaidi kufahamika ni kwamba hata mahali pasipo na nyota wala galaksi, katika nafasi iliyo kati ya galaksi moja na nyingine, pana kitu kinachotoa mawimbi hayo.

Hapa istilahi zinahitaji kutenganishwa. Kundinyota, kama vile Mashuke au Nge ambayo mabaharia wa pwani wameyajua kwa karne nyingi, ni umbo linaloonekana kwa macho tu. Nyota zake huenda ziko mbali kabisa zenyewe kwa zenyewe. Kundi la galaksi ni jambo jingine. Ni mkusanyiko halisi wa mamia hadi maelfu ya galaksi zilizofungwa pamoja na mvutano, wenye uzito unaofikia ule wa majua trilioni mia kadhaa. Hakuna kitu kikubwa kuliko hicho katika ulimwengu ambacho kimeshikiliwa pamoja na mvutano wake chenyewe.

Kundi lililochunguzwa kwa muda mrefu zaidi kwa upande wa redio ni lile la Coma, lililopo upande wa kundinyota la Nywele za Berenike, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 320. Kwa kipimo cha kusini mwa Tanzania, umbali huo unaweza kuelezwa hivi: mijusi wakubwa ambao mifupa yao ilifukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, waliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Walipokuwa hai, mawimbi yanayopokelewa leo kutoka Coma yalikuwa yameshasafiri miaka mingi, na yalikuwa ndiyo kwanza yamevuka nusu ya njia.

Mwaka 1959, wanasayansi Large, Mathewson na Haslam, wakitumia darubini ya redio yenye kipenyo cha mita 76 iliyopo Jodrell Bank nchini Uingereza, waliona kuwa upande wa Coma kulikuwa na chanzo kikubwa cha mawimbi ya redio kisichoonekana kutokana na galaksi moja. Darubini ya wakati huo haikuwa na uwezo wa kutenganisha vizuri vyanzo vilivyokaribiana, hivyo shaka ilibaki. Mwaka 1970, vipimo vya Willson wa Cambridge vilionyesha kwamba hata baada ya kuondoa mchango wa galaksi zote zilizotambuliwa, kilibaki kitu kilichotanda katikati ya kundi kama ukungu. Ukungu huo, ambao siku hizi huitwa halo ya redio, una upana wa takriban miaka ya nuru milioni tatu.

Ni ukungu wa aina gani? Sehemu ya kwanza ya jibu ilitoka katika pwani ya Afrika Mashariki.

Tarehe 12 Desemba, 1970, ikiwa ni miaka saba kamili tangu Kenya ipate uhuru, roketi ya aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Italia baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya Marekani ambayo, kwa heshima ya siku hiyo na nchi mwenyeji, iliitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei kutoka angani. Eksirei hizo huzuiwa na hewa ya Dunia na haziwezi kupimwa kutoka ardhini. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu ya ukaribu wa ikweta. Mzunguko wa Dunia huisaidia roketi inayorushwa kuelekea mashariki, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya chembe zenye nguvu ambazo zingevuruga vipimo vyake.

Kila baada ya dakika 96 hivi Uhuru ilikamilisha mzunguko mmoja. Ilipokuwa juu ya Bahari ya Hindi, ilipita upande wa kaskazini wa anga la Kilambo, kijiji ambacho kipo takriban kilomita 800 kusini ya Malindi katika pwani hiyohiyo.

Miongoni mwa matokeo ya setilaiti hiyo ni kwamba makundi ya galaksi, likiwamo la Coma, hutoa eksirei nyingi, na kwamba eksirei hizo hutoka katika eneo zima la kundi badala ya galaksi moja moja. Maana yake ni kwamba nafasi iliyo kati ya galaksi imejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Gesi hiyo ni nyembamba kupita kiasi, kiasi cha chembe elfu moja hivi katika mita moja ya ujazo, lakini kwa kuwa nafasi yenyewe ni kubwa mno, uzito wake wote unazidi ule wa nyota zote za kundi mara kadhaa. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa mradi huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Ni nadra kwa neno la Kiswahili kuandikwa katika msingi wa tawi zima la sayansi, na bado habari hii haifahamiki sana kwa wasemaji wa lugha yenyewe.

Gesi pekee haitoshi kueleza mawimbi ya redio. Joto lake huzalisha eksirei. Redio ina chanzo kingine. Ndani ya gesi hiyo kuna uga wa sumaku ulio dhaifu, mamia ya maelfu ya mara kuliko ule unaogeuza sindano ya dira hapa duniani. Kuna pia elektroni chache zinazokwenda kwa kasi inayokaribia kasi ya nuru. Elektroni ya namna hiyo ikiingia katika uga wa sumaku haiendi moja kwa moja, bali huzunguka kwa kujisokota, na kila inapopinda hutoa nishati. Nishati hiyo ndiyo inayofika duniani kama mawimbi ya redio. Kwa hiyo eksirei hueleza gesi ilipo, na redio hueleza mahali ambapo gesi hiyo imevurugwa kwa nguvu kiasi cha kuzitia elektroni kasi.

Na hapa pana kitendawili ambacho kwa miaka mingi kiliwasumbua watafiti. Elektroni inayotoa mawimbi ya redio huishiwa nguvu. Katika makundi ya galaksi muda wake ni takriban miaka milioni mia moja, kipindi kifupi kwa vipimo vya anga. Uga wa sumaku hauiachi isafiri kwa uhuru, hivyo ili isambae kutoka galaksi ya katikati hadi pembezoni mwa halo ingehitaji mabilioni ya miaka. Ingezimika kabla ya kufika. Mtu akikuta vijinga vya moto vimetapakaa shamba zima, vyote vikiwaka kwa wekundu uleule, ilhali jiko liko mbali na kijinga hudumu dakika chache tu, atalazimika kukubali kwamba vijinga hivyo vinapulizwa palepale vilipo.

Kipulizi kinachokubaliwa na watafiti wengi leo ni mgongano. Makundi ya galaksi hukua kwa kuvutana na kuungana. Makundi mawili yanapoingiana kwa kasi inayozidi kilomita 1,000 kwa sekunde, galaksi zenyewe hupishana bila kugusana kwa sababu ya umbali ulio kati yake, lakini gesi hugongana, hujikunja na kuchafuka kwa kipindi kinachoweza kufikia miaka bilioni moja. Hakuna tukio linalotoa nishati nyingi zaidi ya hilo tangu mlipuko mkuu ulioanzisha ulimwengu. Sehemu ndogo sana ya nishati hiyo huzipa elektroni zilizochoka nguvu mpya. Ushahidi wa maelezo hayo ni kwamba halo hupatikana kwa kiasi kikubwa katika makundi yenye dalili za mgongano, na hukosekana katika mengi yaliyotulia. Uchunguzi uliofanywa na darubini ya GMRT ya India na kuchapishwa mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kuwa, kati ya makundi yenye uzito mkubwa, ni takriban theluthi moja tu yaliyokuwa na halo.

Aina ya pili ya mawimbi hayo haipo katikati ya kundi bali pembezoni, na umbo lake ni la upinde mrefu na mwembamba. Huitwa masalia ya redio. Wavuvi wa maingilio ya Ruvuma wana picha iliyo karibu na jambo hilo. Wakati wa bamvua, maji ya bahari yanapopanda kwa nguvu na kukutana na mkondo wa mto unaoshuka, mpaka wa maji hayo mawili huonekana kama mstari wa povu na takataka, na chombo kinachouvuka hutikisika. Katika kundi la galaksi, gesi inayosukumwa kwa kasi mara mbili au tatu ya kasi ya sauti ndani yake hutengeneza wimbi la mshtuko linalosafiri kuelekea nje, na pale wimbi linapopita elektroni hupata nguvu ghafla. Mstari unaowaka kwa redio ndio mstari wa mshtuko. Mwaka 2010, watafiti wakiongozwa na Reinout van Weeren walieleza mfano ulio safi kuliko yote: upinde wenye urefu wa takriban miaka ya nuru milioni sita, ambao kwa umbo lake umebaki na jina la utani la Soseji. Mfano huo una mpaka: maji ya Ruvuma na ya bahari huchanganyika kwa saa chache, nao upinde huo umedumu mamia ya mamilioni ya miaka.

Zipo pia galaksi zenyewe zinazotoa redio, kama M87 iliyo katika kundi la Mashuke, ambayo shimo jeusi la katikati yake hurusha mikondo ya chembe hadi mbali nje ya galaksi. Hizo zina nguvu na zilijulikana mapema. Umuhimu wake kwa mada hii ni kwamba baadhi ya elektroni zilizochoka, zinazokuja kupulizwa upya na migongano, huenda zilimwagwa na galaksi za namna hiyo hapo zamani.

Katika miaka ya karibuni mipaka ya ukungu huo imesogea mbali zaidi. Mwaka 2019, darubini ya LOFAR, ambayo kitovu chake kipo Uholanzi, ilionyesha daraja la mawimbi ya redio lenye urefu wa takriban miaka ya nuru milioni kumi kati ya makundi mawili, Abell 399 na Abell 401, ambayo bado hayajagongana. Mwaka 2022 ikaripotiwa kuwa baadhi ya makundi yamezungukwa na ukungu mkubwa zaidi kuliko halo za kawaida. Uvumbuzi wote huo umefanywa katika masafa ya chini, chini ya megahezi 200. Sababu ni ya kimaumbile: elektroni zilizopulizwa kwa udhaifu haziwezi kutoa masafa ya juu. Katika halo ya kawaida, masafa yakipungua kwa nusu, nguvu ya mawimbi huongezeka zaidi ya mara mbili.

Kwa mtazamo wa jiografia, Kilambo ipo kati ya nyuzi 10 na 11 kusini ya ikweta, na hapo pana faida isiyopatikana Ulaya wala katika Ncha ya Kusini. Mapema usiku wa Mei na Juni, kundi la Coma hupita upande wa kaskazini likiwa juu ya upeo wa macho kwa takriban nyuzi 51. Mwezi Septemba, upande wa kusini, hupita Abell 3667 katika kundinyota la Tausi, likiwa juu kwa takriban nyuzi 43. Kundi hilo lina masalia mawili ya redio, moja kila upande, na halionekani kamwe kutoka Uholanzi. Upinde wa Soseji, ambao kutoka Afrika Kusini hauinuki kiasi cha kutosha kuchunguzwa vizuri, hufika nyuzi 26 juu ya upeo wa Kilambo. Kwa uchache wa maneno, anga zote mbili, ya kaskazini na ya kusini, zipo wazi. Kasoro ipo vilevile: katika maeneo yaliyo karibu na ikweta, tabaka la juu la hewa lenye chaji ya umeme huchafuka baada ya jua kuzama na kuyapotosha mawimbi ya masafa ya chini. Hesabu ya mahali pa kujenga darubini haiishii kwenye latitudo.

Kazi kubwa barani kwa sasa inafanywa na MeerKAT, darubini ya Afrika Kusini yenye antena 64, kila moja ikiwa na kipenyo cha mita 13.5, iliyozinduliwa Julai 2018 katika nyika ya Karoo. Mwaka 2022, timu iliyoongozwa na mwanasayansi Kenda Knowles ilichapisha uchunguzi wa makundi ya galaksi 115 uliofanywa na darubini hiyo. MeerKAT itaunganishwa katika mradi wa kimataifa wa SKA, ambao ujenzi wake ulizinduliwa rasmi Desemba 2022, na ambao utakuwa na antena za sahani 197 Afrika Kusini na antena ndogo 131,072 za masafa ya chini nchini Australia. Nchi nyingine nane za Afrika ni washirika wa mradi huo, zikiwamo majirani watatu wa Tanzania: Kenya, Zambia na Msumbiji. Hivyo ukingo wa pili wa Ruvuma, unaoonekana kwa macho kutoka Kilambo, ni ardhi ya nchi mshirika. Ukingo wa huku bado.

Vijana wa nchi hizo wamekuwa wakifunzwa kupitia mpango wa maendeleo ya unajimu wa redio barani Afrika unaofadhiliwa na Uingereza, na nchini Ghana antena ya zamani ya mawasiliano ya simu yenye kipenyo cha mita 32 iliyopo Kuntunse ilizinduliwa kama darubini ya redio mwaka 2017. Inafaa kueleza kuwa antena za aina hiyo, zikiunganishwa kutoka nchi mbalimbali, hufaa kwa vyanzo vidogo vyenye nguvu kama kiini cha M87. Haziwezi kuona halo, kwa kuwa ukungu uliotanda hupotea katika vipimo vya namna hiyo.

Jambo linaloigusa kila nchi, iwe mshirika au la, ni utulivu wa masafa. Halo ya Coma, ikipimwa katika masafa ya megahezi 1,400, ina nguvu inayozidi kidogo nusu ya kipimo cha Jansky. Ukikokotoa, simu ya mkononi yenye nguvu ya wati moja ikiwekwa juu ya Mwezi na kuachwa ikipiga, ingefika duniani ikiwa na nguvu zaidi ya mara mia moja ya halo hiyo. Ndiyo maana kanuni za Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, zinapiga marufuku urushaji wowote kati ya megahezi 1,400 na 1,427, kila mahali duniani. Nchini Tanzania masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi na kutunga, mwaka 2007, sheria mahsusi inayolinda maeneo yenye faida ya kijiografia kwa unajimu.

Katika masafa ya chini ulinzi ni mgumu zaidi. Redio za FM hutumia megahezi 87.5 hadi 108, na hakuna mwananchi atakayeombwa kuizima redio yake kwa ajili ya Coma; LOFAR yenyewe huliruka eneo hilo la masafa kwa vichujio. Mwaka 2023, hata hivyo, LOFAR ilibaini kuwa setilaiti za intaneti za Starlink zilikuwa zikivujisha mawimbi yasiyokusudiwa kati ya megahezi 110 na 188, yaani palepale ambapo madaraja na halo kubwa zimeonekana. Mawimbi ya mnara mmoja wa FM huishia umbali fulani, na nchi jirani zinaweza kukaa na kupatana juu yake, kama Tanzania na Msumbiji zinavyotakiwa kufanya katika bonde la Ruvuma. Setilaiti hupita juu ya Karoo, Kilambo na Uholanzi katika siku moja.

Picha na takwimu za makundi 115 ya MeerKAT zimewekwa wazi kwa umma, na mwanafunzi mwenye kompyuta na intaneti mjini Mtwara anaweza kuzipakua bila malipo. Katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, Dkt. Noorali Jiwaji amefundisha na kueneza elimu ya anga kwa miaka mingi, na kundi la Abell 3667, lile linalopita juu ya maingilio ya Ruvuma kila Septemba, ni mojawapo ya yaliyomo katika hazina hiyo.